Mwanajeshi Mkristo anapopangiwa misheni: maneno ya kubeba na ya kuacha

Kijana akipangiwa misheni ya kulinda amani nje ya nchi, ndugu humkeshea maombi, humpaka mafuta, kisha mtu mmoja humwambia, "Hakuna risasi itakayokugusa." Maneno haya yanasemwa kwa upendo, hapa Mwanza, Kirumba, Igoma hata Buhongwa. Tunaomba sana yaachwe.

Mara nyingi hutolewa Zaburi ya 91, ile ya ulinzi wa Mungu. Ni zaburi njema, na askari Wakristo wameibeba vizazi na vizazi. Lakini katika Mathayo 4 ni Ibilisi aliyeinukuu, akitaka Yesu ajirushe kwa kuwa malaika watamchukua, na Yesu akakataa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Beni, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na tukapoteza walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi. Nani athubutu kusema kwao hawakuombewa? Aliyeahidiwa kwamba hataguswa, siku mwenzake wa hema moja akianguka hubaki na mawazo mawili, yote mabaya: ama marehemu alikuwa na imani haba, ama Mungu ni mwongo. Mpeni badala yake Danieli 3, vijana watatu mbele ya tanuru: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", hatumwachi. Imani ya namna hiyo haivunjwi na msiba.

Hofu ikipanda, kichwa hakikumbuki sura nzima. Chagua mistari mitatu mifupi na uizoee ukiwa bado nyumbani. Wa kwanza uwe Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, moyoni ukisema "siku ya hofu yangu". Itoe polepole hadi 6 ukisema "nitakutumaini Wewe". Rudia mara tano. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Ukivuta harakaharaka utapata kizunguzungu na hofu itazidi. Fanya hivyo kila asubuhi ukifunga kamba za buti, hata siku isiyo na hatari. Wanaongoja mpaka milio ya risasi ianze hukuta mstari umepotea. Lindoni macho yabaki wazi na masikio kazini. Sala haikuondolei zamu. Pale mstari wa pili, Zaburi 121:4, unafaa sana: aliye mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Wa tatu chagua mwenyewe.

Usitegemee simu: chaji huisha, na kwenye doria huenda usiruhusiwe kuwa nayo. Kata kipande cha manila ukubwa wa kitambulisho, andika kwa penseli kwa sababu wino wa majimaji huchuruzika kwa jasho, kifunge kwa nailoni na selotepu pande zote nne, kikae mfuko wa kifuani wa kombati.

Kuna jambo wahubiri hulipita haraka. Askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mishahara yao (Luka 3:14). Ujasiri hukaa vizuri kwenye dhamiri safi. Anayemwonea raia kijijini ataogopa kivuli chake akilala, na hakuna mstari wa kumtuliza pasipo toba.

Tena usiite uchovu ukosefu wa imani. Eliya alipoomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Ukiwa hujalala vizuri siku mbili, kwanza kula, kunywa maji, ulale ukipata nafasi, ndipo upime imani yako.

Ninyi mliobaki Mwanza, pangeni saa moja ya sala na msiibadilishe. Saa tatu usiku kwenu ni saa mbili Beni, na saa moja Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mtumieni sauti isiyozidi dakika moja: sala, salamu za watoto, habari ya dagaa mwaloni, basi. Msimwulize yuko wapi, wala msiweke picha zake mtandaoni. Akinyamaza siku kadhaa, msimpigie usiku kucha. Mtandao hukatika, au simu zimezuiwa kwa muda. Nyumbani kukiwa na msiba, ikiwezekana asiusome peke yake: mjulisheni kwanza padre au mchungaji wa kikosi aende akae naye.

Akirudi, msimpandishe madhabahuni kutoa ushuhuda Jumapili ya kwanza. Akipenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, mwacheni. Ngurumo za radi zetu zinapogonga mawe ya Mwanza huweza kumfanya ajitupe chini akiwa mezani, na wengine watadhani ana pepo. Mkalisheni, mtajieni jina lake na kwamba yuko nyumbani. Jinamizi, kushtuka na kujitenga vikizidi mwezi mmoja, mpelekeni hospitali. Bugando wapo madaktari wa afya ya akili, na sala iendelee pamoja na matibabu. Akitamka kwamba heri afe, msimwache peke yake hata usiku huo. Ondoeni dawa, sumu ya panya, kamba na visu, mmoja akae naye akiwa macho, na afikishwe hospitali mara moja bila kungoja ibada.