Liposomu na kinga: usizichanganye na vidonge vya vitamini

Ndugu yangu, umeuliza kama vitamini C ya liposomu itakukinga na mafua, kwa kuwa umesikia liposomu ndizo zinazobeba dawa za kisasa. Zinabeba kweli, ila vidonge hivyo ni jambo jingine.

Liposomu ni kifuko kidogo mno cha mafuta, ukuta wake kama utando wa seli zetu, ndani mna maji. Itazame Shingrix, chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Humo protini ya kirusi huchomwa pamoja na liposomu zenye viamsha-kinga viwili, kimoja kimetokana na gome la mti wa Chile. Seli za kinga huimeza protini ile, huipeleka kwenye tezi za limfu na kuwafundisha askari wengine wa mwili kumtambua adui. Mkono utauma siku mbili tatu. Hiyo ni kinga ikiamka.

Vitamini C haifundishi seli chochote. Hata ikifungwa ndani ya liposomu ili ifyonzwe vizuri zaidi, haigeuki kuwa chanjo. Na kama umewahi kupata mawe ya figo, tafadhali usimeze dozi kubwa kabla ya kumwona daktari. Ukifika kwake, muulizie chanjo ya mafua.