Wasomaji Wanauliza: Kiti Mwendo Ugenini

Swali: Ndugu Mshauri, mume wangu aliumia uti wa mgongo katika ajali ya gari miaka tisa iliyopita, na tangu hapo anatumia kiti mwendo cha kusukuma kwa mkono. Mwakani tunatimiza miaka 20 ya ndoa na tumeweka akiba ya kwenda Ulaya kwa siku kumi. Yeye anataka Lisbon kwa sababu ya zile picha za tramu za manjano, mimi nataka Barcelona, na mdogo wangu anayeishi Ujerumani anasisitiza twende Berlin. Kinachonitia hofu hasa ni hoteli. Safari iliyopita, katika nchi nyingine, tulilipia chumba kilichotangazwa kuwa cha watu wenye ulemavu, tukakuta ngazi tatu mlangoni na hodhi la kuogea lenye ukingo wa kufika magotini. Mume wangu aliogea kwa kopo siku zote sita. Tufanyeje yasijirudie? — B.M., Tanga

Jibu: Dada B.M., pole sana, na umpe pole shemeji. Mimi pia natumia kiti mwendo, na hilo hodhi nimekutana nalo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hata hivyo nitaanza na mji, kwa kuwa wengi wetu huanza na hoteli, tukapata chumba kizuri kabisa, kisha tukashinda ndani yake kwa sababu nje hakupitiki.

Kwa Lisbon itabidi nimvunje moyo shemeji. Mji ule umejengwa juu ya vilima, na njia zake za waenda kwa miguu zimetandazwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa ambavyo huteleza mvua inaponyesha na, hata jua likiwaka, hutikisa magurudumu ya mbele mpaka mikono ikafa ganzi. Ile tramu ya manjano ya picha, namba 28, hutumia mabehewa ya zamani yenye ngazi na mlango mwembamba, kwa hiyo ataipiga picha akiwa kando ya barabara, hataipanda. Mwenye kiti anaweza kuitembelea Lisbon, hasa kule Belém kando ya mto ambako ardhi ni tambarare, lakini atahitaji teksi kila mara na mtu wa kumsukuma mwenye kifua. Nadhani mtu huyo ungekuwa wewe, na hiyo si namna ya kusherehekea ndoa.

Berlin ni mji tambarare, na mwaka 2013 ulipewa tuzo ya Umoja wa Ulaya ya mji unaofikika na watu wenye ulemavu. Vituo vingi vya treni vina lifti, na kwa kuwa lifti huharibika, wenyeji wameanzisha ukurasa wa intaneti uitwao BrokenLifts unaoonyesha ni ipi imekufa leo, ili usishuke kituo ambacho hutaweza kutoka. Kuba la kioo lililo juu ya bunge, Reichstag, hufikiwa kwa lifti na kupandwa kwa njia ya mteremko inayozunguka mpaka juu. Kuingia ni bure, ila lazima mjiandikishe mapema. Mdogo wako hakukosea.

Hata hivyo, ningekuwa ninyi ningekwenda Barcelona. Mwaka 1992 mji huo uliandaa Michezo ya Olimpiki na ile ya Walemavu, na kazi iliyofanywa wakati ule imeendelezwa hadi leo. Mabasi yote ya mjini yana rampu. Vituo vingi vya treni ya chini ya ardhi vina lifti, isipokuwa baadhi ya vile vya zamani, na njia ya 9 inayotoka uwanja wa ndege hupandwa bila ngazi hata moja. Mtaa wa Eixample, uliochorwa kwa mistari iliyonyooka, una njia pana za miguu zilizoteremshwa kwenye kila kona, na humo ndimo lilimo kanisa la Sagrada Família, ambalo ukumbi wake huingilika kwa kiti ingawa minara yake haipandiki. Na ninyi ni watu wa pwani. Katika majira ya joto, kwenye ufukwe wa Nova Icària, kuna viti vya plastiki vyenye magurudumu manene yanayoelea, na wahudumu wanaomshusha mtu hadi majini na kumrudisha. Muulize shemeji ni lini mara ya mwisho aliingia baharini, kisha mzungumze tena kuhusu Lisbon. Mdogo wako yuko huko huko Ulaya, basi na apande ndege awafuate.

Sasa hoteli. Kosa la safari iliyopita ni kuliamini neno. Kila hoteli ina maana yake ya kusema kwamba chumba kinafikika: wengine wanakusudia lifti tu, wengine chuma kimoja cha kushikilia kando ya choo, na wengine, kama mlivyoona, hawakusudii chochote. Neno halipimiki, sentimita hupimika. Kabla ya kuandika popote, chukueni utepe wa fundi cherehani mpime kiti cha shemeji akiwa amekikalia na mikono ikiwa juu ya magurudumu, kwa maana vidole navyo hupita mlangoni. Pimeni upana, urefu hadi ncha za viatu, na kimo kutoka sakafuni hadi juu ya mto wa kukalia. Viti vingi vya mtu mzima vina upana wa sentimita 60 hadi 70. Kipimo cha Wajerumani kwa majengo ya umma kinataka mlango wa sentimita 90, na cha Wamarekani hakiruhusu uwazi wa mlango uwe chini ya sentimita 81 hivi, na vyote viwili vinataka nafasi ya kugeuzia kiti ya takribani mita moja na nusu kila upande. Basi hoteli ikikujibu kwamba mlango wa bafu ni sentimita 62, usibishane nayo, tafuta nyingine.

Waandikie hoteli wenyewe kwa barua pepe, si kampuni ya kuuza vyumba mtandaoni, kwa sababu huyo muuzaji hajawahi kukiona chumba. Andika kwa Kiingereza, lakini tia ndani yake maneno ya Kihispania *habitación adaptada*, yaani chumba kilichorekebishwa kwa mwenye ulemavu, ambayo msimamizi wa vyumba atayaelewa mara moja. Uliza kama kuna ngazi au kizingiti kati ya barabara na mapokezi, na kama mlango wenye rampu ndio huo wanaopita wageni wengine au ni wa jikoni. Uliza upana wa mlango wa lifti na urefu wa ndani yake. Swali ninalolisisitiza zaidi ni la choo: shemeji hujihamisha kwa upande wa kulia au wa kushoto, na je, upande huo wa choo una nafasi ya kusogeza kiti au una ukuta? Nimewahi kulala katika chumba kilichokuwa na kila kitu, vyuma vya kushikilia viking'aa, isipokuwa sinki lilikuwa limejengwa pale pale ambapo kiti changu kingesimama. Kuhusu kuoga, usiulize kama bafu ni la walemavu. Uliza kama sakafu ya mahali pa kuogea iko sawa na ya chumba bila ukingo, na kama kuna kiti cha kukunja ukutani. Mwisho uliza kimo cha kitanda, maana hoteli za kifahari hurundika magodoro mpaka mtu wa kiti akayaona kama mlima.

Ombeni picha zilizopigwa kwa simu siku hiyo hiyo, si zile za tangazo. Hoteli inayokataa kupiga picha ya choo chake imeshajibu. Wakishawaridhisha, waandike kwamba chumba hicho hasa, kwa namba yake, kimefungwa kwa jina lenu, kwa sababu hoteli nyingi zina vyumba vichache vya aina hiyo na mapokezi huvigawa kwa yeyote aliyetangulia kufika. Marekani tangu mwaka 2012 sheria huzibana hoteli zikishike chumba hicho kwa aliyekiagiza, lakini kwingine ulinzi wako ni ile barua. Chagueni pia malipo yanayoweza kufutwa, kwani viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inaweza kukataliwa. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000 mtadaiwa kwa vyovyote.

Kwa ndege, toeni taarifa angalau saa 48 kabla. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inawapa msaada wa bure katika viwanja vyao, na kiti husafirishwa bila malipo. Msiseme tu kwamba mnahitaji kiti cha kusukumwa, semeni WCHC, ambayo ndiyo alama ya abiria asiyeweza kutembea kabisa. Ukiandikiwa WCHR watadhani anapanda ngazi. Ombeni abaki kwenye kiti chake hadi mlango wa ndege, na mto wa kukalia aingie nao ndani.

Swali: Nataka kumpeleka mama Umra. Anatembea hatua chache tu, zilizobaki ni kiti. Ajenti anasema hoteli iko dakika tano kutoka Msikitini. Inatosha? — Binti wa Mombasa

Jibu: Haitoshi, binti yangu. Makka iko katika bonde la milima, na dakika tano za kijana kwenye mteremko wa Ajyad ni jasho la nusu saa kwa anayesukuma kiti. Mwambie ajenti akuandikie jina la hoteli, si umbali, kisha uitazame barabara yake kwenye ramani yenye picha. Kama uwezo upo, punguza siku ukae katika hoteli inayotazama uwanja wa Msikiti. Ndani, tawafu kwa kiti hufanyika katika ghorofa za juu, ambako pia hukodishwa vigari vya umeme. Madina haina shida hiyo, kwani maeneo ya karibu na Msikiti wa Mtume ni tambarare. Uliza pia basi la kikundi lina ngazi ngapi, maana hapo ndipo mama atakapobebwa mgongoni.

Swali: Nina kiti cha umeme na nafikiria Singapore. Ni chaguo la busara? — S.K., Nairobi

Jibu: Ni miongoni mwa miji rahisi zaidi ninayoijua kwa kiti: vituo vya treni huingilika bila ngazi, mabasi yote ya umma yana rampu, na soketi zake ni za pini tatu kama za Kenya, kwa hiyo chaja yako itachomekwa bila kifaa kingine. Tatizo lako ni betri. Ikiwa ni ya lithiamu na huchomolewa, utaibeba mkononi ndani ya ndege, nayo isizidi wati-saa 300. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake: volti 24 kwa ampea-saa 12 ni 288, inapita; kwa ampea-saa 20 ni 480, itakataliwa. Pigia shirika la ndege ukiwa na namba hizo mkononi kabla ya kulipa tiketi.