Safesi grainda ya mtumba: mambo ya kufanya kabla ya kubonyeza swichi

Safesi grainda za haidroli, yaani mashine za kusaga uso wa chuma uwe bapa kwa jiwe linalozunguka huku meza ikisukumwa na oili, haziharibiwi sana na uzee. Mwili ni wa chuma cha kasti, na reli zikipata oili safi hudumu miaka mingi. Ndiyo maana mashine kama Jones & Shipman 540, iliyotengenezwa Leicester, Uingereza, bado inatafutwa na wenye karakana ndogo. Kinachoziua ni siku ya kwanza kwa mmiliki mpya. Mashine ilikaa bohari, ikasafirishwa, jioni ikaungwa umeme na kuwashwa ili ionekane kama inafanya kazi. Pampu inazunguka kinyume bila oili, spindo (shafti inayobeba jiwe) iliyokauka inajisaga, na nati ya jiwe inajifungua. Kwa hiyo mpangilio wa kazi hapa ni huu: oili, umeme, mwelekeo wa mota, na jiwe mwisho kabisa.

Kuihamisha

Mashine yenye meza ya milimita 450 kwa 150 inaweza kukaribia tani moja, na uzito mwingi uko juu. Toa jiwe kwanza. Weka kipande cha mbao ngumu juu ya sumaku ya mezani inayoshika chuma kinachosagwa, teremsha kichwa chenye spindo taratibu mpaka kiegemee mbao, bila kukikandamiza, ili mitikisiko ya barabarani isibebwe na skrubu ya kupandisha kichwa. Funga meza isitembee. Usiinue kwa meza wala kwa kichwa. Tafuta matundu ya kuinulia kwenye mwili, pitisha shafti nene za chuma, na mkanda wa kuinulia ushike hapo. Ndani ya karakana, vipande vya bomba la inchi moja na mtaimbo vinatosha, mradi asisimame mtu upande ambao mashine inaweza kuangukia.

Iweke juu ya zege, isicheze. Pimamaji ya fundi mwashi inatosha kwa kuanzia. Ile ya kupima milimita 0.02 kwa mita ni nzuri ukiipata, lakini mashine inayotikisika kwenye kona moja itakusumbua zaidi kuliko iliyoinama kidogo.

Oili

Fungua tangi hata kama muuzaji amekuambia oili ni mpya. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji, kwa kawaida maji ya kupozea yaliyopenya kutoka mezani. Chini utakuta tope jeusi, mchanganyiko wa vumbi la jiwe na chuma, na hilo ndilo linalokula pampu na valvu. Mwaga yote, kwangua tope, osha tangi kwa mafuta ya taa, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Zile nyuzi za pamba za gereji zisiingie kabisa, kwani uzi mmoja tu ukifika kwenye valvu ndogo ya kugeuzia meza, utaitafuta hitilafu wiki nzima. Toa chujio la mdomo wa pampu, lioshe na lipulizwe kwa hewa kutoka ndani kwenda nje.

Oili ya kujaza ni ya haidroli ISO 32 (namba ya uzito wa oili, ikiwa kubwa oili ni nzito), au 46 ukiwa sehemu za joto kama pwani. Ukienda dukani bila kutaja namba, mara nyingi utapewa 68, ile ya tipa na magreda. Ni nzito mno kwa pampu ndogo: asubuhi pampu italia, mchana oili itachemka. Oili ya injini nayo haifai, kwa sababu imetengenezwa ili ibebe uchafu, wakati hapa tunataka uchafu na maji vitulie chini ya tangi. Jaza mpaka alama ya kioo, kisha ujue kwamba kina kitashuka silinda na mipira (mabomba ya mpira ya oili) ikishajaa, basi bakiza lita tano hivi za kuongezea.

Kabla ya kujaza, kagua mipira ya haidroli. Ikiwa migumu au ina nyufa, badilisha yote kwa pamoja, na ule wa kunyonya kuliko yote. Ufa upande wa kunyonya hauvujishi oili nje, unaingiza hewa, kwa hiyo hutaona tone lolote sakafuni huku meza ikirukaruka. Sili za silinda usizibadilishe kwa kuzihofia tu. Subiri uone zinavuja kiasi gani. Tone moja moja si tatizo.

Sasa reli. Inua meza ukiweza, ni kazi ya watu wawili au winchi ndogo. Chini yake kuna reli moja ya umbo la V na nyingine bapa, na matundu madogo ya oili. Katika mashine zilizokaa, matundu haya huwa yamezibwa na tope gumu. Zibua kwa waya laini wa shaba na mafuta ya taa. Mashine nyingi hulainisha reli kwa oili hiyohiyo ya haidroli kupitia skrubu ndogo ya kurekebisha. Ukifungua skrubu hiyo kupita kiasi meza inaelea juu ya oili, na kazi itatoka na mawimbi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Reli zinatakiwa zilowe tu.

Spindo ni jambo jingine na ndipo watu wanapokosea vibaya. Kuna za beringi zilizopakwa grisi maalumu, ambazo huzigusi, na kuna za bushi zinazozunguka ndani ya oili nyepesi sana, kati ya ISO 5 na 10, nyembamba kama mafuta ya taa. Nafasi kati ya shafti na bushi hizo ni ndogo mno. Ukiweka 32 humo, spindo itapata moto na kukwama. Ukiona kikombe cha oili au kioo kwenye kichwa, chukulia ni ya bushi mpaka upate kitabu cha mashine au kibao kinachosema vinginevyo.

Umeme

Soma kibati cha kila mota: ya jiwe, ya pampu ya haidroli, na ya maji ya kupozea. Mashine ya Uingereza huwa ni ya volti 415, fezi tatu, hezi 50, na ukiwa na fezi tatu nyumbani, iwe ya TANESCO au Kenya Power, unaiunga moja kwa moja. Ya Japani ni ya volti 200 fezi tatu. Ukiiunga kwenye 400 mota itaungua kabla hujafika kwenye swichi ya kuzimia. Ya Marekani kwa kawaida ni 230/460, hezi 60.

Mwenye fezi moja tu atumie inveta ya mota (VFD), si ile ya betri. Inveta ya kawaida inapokea volti 230 za fezi moja na kutoa 230 za fezi tatu, haifikishi 400. Kwa mota ya Japani hilo ni bahati, weka tu kikomo cha volti kulingana na kibati. Kwa mota ya Uingereza, fungua kisanduku chake cha nyaya: ukikuta vichwa sita, badilisha viungo kutoka stari kwenda delta (njia mbili za kuunga koili za mota) na mota itakubali 230, mradi kibati kinataja 240/415. Ukikuta vitatu tu, stari imefichwa ndani ya koili, na fundi wa kuwaindi mota anaweza kuifungua na kutoa ncha zote sita nje bila kuwaindi upya.

Inveta mbili, moja ya mota ya jiwe na nyingine ya pampu, ni bora kuliko moja inayobeba zote, kwa sababu ukitafuta hitilafu utataka kuzima moja na kuacha nyingine. Ile ya kW 2.2 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20 upande wa kuingilia, basi tumia waya wa 4 mm² na breka ya ampea 32, na ethi isiyo ya kubahatisha. Transfoma ya swichi na kifaa cha umeme wa sumaku visilishwe kutoka kwenye tokeo la inveta, vipe umeme wa kawaida.

Mambo matatu ya kuweka kwenye inveta ya jiwe: kikomo cha hezi kisizidi cha kibati, kitufe cha kurudi nyuma kifungwe, na kusimama kuwe kwa kujiachia au kwa sekunde 30. Nati ya jiwe hujikaza kwa mzunguko. Ukilizuia jiwe ghafla, uzito wake unaendelea mbele na kuifungua nati.

Mwelekeo, jiwe likiwa bado halijafungwa

Tumbukiza umeme nusu sekunde tu, mota moja moja. Pampu ina mshale. Ikizunguka kinyume hainyonyi, na sili yake inaharibika haraka. Spindo kwa kawaida inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kwa mbele, na nati yake mara nyingi ni ya thredi za kushoto. Ikienda kinyume, badilisha nyaya mbili kati ya tatu za mota.

Pampu ikiwa sawa, iache izunguke dakika chache meza ikiwa imesimama. Kisha fungua valvu ya mwendo kidogo sana, vizuizi vya kugeuzia viwe mwisho kabisa, ili meza itembee mwendo mrefu na wa polepole. Itaruka, itasita, itapumua. Hiyo ni hewa inayotoka kwenye silinda, ipe robo saa. Ikiendelea baada ya hapo, angalia kina cha oili, kisha upande wa kunyonya. Usikimbilie valvu ya presha. Mashine nyingi ndogo zinafanya kazi chini ya bar 20, na presha ikiongezwa unapata joto na uvujaji tu, meza itaruka vilevile.

Meza ikigeuka vizuri upande mmoja na kukwama upande wa pili, valvu ya kugeuzia ina gundi ya oili ya zamani. Itoe, ioshe, usiipige msasa.

Kwa spindo, weka saa ya kupimia (yenye sindano) kwenye koni linapokaa jiwe, zungusha spindo kwa mkono. Sindano ikicheza milimita 0.002 ni nzuri sana, 0.005 inavumilika, zaidi ya hapo jiulize kuhusu beringi kabla ya kununua jiwe.

Jiwe

Kwa chuma cha kawaida na cha zana, anza na jiwe jeupe la oksidi ya aluminiamu, punje za namba 46, ugumu J au K (herufi za mbele zaidi ni jiwe gumu zaidi). Kwa chuma kilichotiwa ugumu, shuka hadi H au I. Inaonekana kinyume, lakini jiwe laini huachia punje zilizochoka na kuleta mpya, jiwe gumu huzishikilia na kuanza kuchoma kazi.

Soma mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye jiwe. Jiwe la milimita 200 kwa mizunguko 2,850 kwa dakika linakwenda karibu mita 30 kwa sekunde, salama kwa jiwe lenye kikomo cha mita 35 kwa sekunde. Jiwe hilohilo kwenye mota ya hezi 60 inayozunguka 3,450 linafika mita 36, tayari limepita. Lining'inize kwenye kidole likiwa kavu, ligonge kwa mpini wa mbao sehemu kadhaa: likilia wazi ni zima, likitoa sauti ya kufa lina ufa, na lisifungwe. Karatasi zake za pembeni ziache. Kaza nati kwa kiasi, kisha simama pembeni na uliache lizunguke dakika moja bila kugusa kitu.

Lichonge kwa almasi iliyokaa mbele kidogo ya kati, upande ambao jiwe linaondokea, ikiinama digrii 10 hadi 15, ili ikishika isivutwe chini ya jiwe. Chonga milimita 0.02 kwa kila mpito. Kisha libalansi kwenye kingo mbili zilizonyooka, na ulichonge tena.

Kazi ya kwanza na alama zake

Chukua kipande cha chuma bapa, shuka milimita 0.01 kwa mpito, malizia na 0.005, kisha mipito miwili au mitatu bila kushuka kabisa. Rangi ya buluu maana yake jiwe limeziba au ni gumu, lichonge.

Mistari ya kutetemeka inapimika. Meza ikienda mita 15 kwa dakika ni milimita 250 kwa sekunde, na jiwe la mizunguko 2,850 linageuka mara 47.5 kwa sekunde. Mistari yenye umbali wa milimita 5 hivi inatoka kwenye jiwe au spindo. Umbali ukiwa tofauti, tafuta kwingine: mkanda, mota, pampu. Zima haidroli, tembeza meza kwa mkono: mistari ikipotea, mkosaji ni pampu au mota yake.

Sumaku usiisage siku ya kwanza. Ondoa vivimbe kwa jiwe la mafuta, ifute, pima kwa saa kutoka kona hadi kona. Ukikuta tofauti ya milimita 0.02 hivi, na mashine imeshapata joto la nusu saa, isage ikiwa imewashwa, kwa maji, milimita 0.005 kwa mpito, na uishie pale inaposafika. Bamba lake la juu lina unene wa mwisho, na kila anayelisaga bure anamnyima atakayefuata.

Maji ya kupozea ni sehemu moja ya oili ya kuyeyuka kwa sehemu 40 za maji. Ukimaliza kazi funga maji kwanza, liache jiwe lizunguke dakika tano likauke, ndipo uzime. Maji yakikusanyika upande wa chini wa jiwe lililosimama usiku kucha, asubuhi litaamka bila balansi.