Kuhusu kuacha pombe kabla ya kupewa nyumba
Kama swali ni je, mtu asiye na makazi anayekunywa pombe lazima aache kwanza ndio apewe nyumba, jibu ni hapana, sio lazima. Huo ni mfumo wa zamani wa ngazi, unaanzia shelta, yaani pa kulala pa muda, unapanda hosteli, ukionekana umetulia ndio unapewa nyumba, na ukiteleza kidogo unarudishwa chini, kwa hiyo wengi walikuwa hawafiki juu kabisa. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis akaanzisha shirika la Pathways to Housing kule New York akaugeuza, mtu anapewa funguo kwanza, habari ya matibabu anaamua mwenyewe. Anachotakiwa ni kuchangia kodi, kama 30% ya kipato chake hata kama ni posho ya ulemavu, na akubali mhudumu apite kumcheki.

Kanada walilipima hili 2009 hadi 2013 kwenye miji mitano, watu kama 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu ndani ya nyumba kuliko wale wa huduma za kawaida. Ila tusidanganyane, kwenye kupunguza ulevi wenyewe tofauti haikuwa kubwa, kilichobadilika sana ni kwamba mtu halali tena nje.

Halafu nyumba peke yake haitoshi jamani, lazima awepo wa kumsaidia kuelewa barua ya mwenye nyumba, kumkumbusha kliniki, na kama anatumia kiti cha magurudumu basi mlango uwe mpana na bafuni kuwe na vyuma vya kushikia. Bila hayo umepangisha chumba tu.