Muulize Kaka Lenzi: Beji ya wanahabari unayo, sasa sho ya magari unaipigaje?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja, yale maonyesho makubwa ya kibiashara ya magari na namna ya kuyapiga picha ukiwa umeingia kama mwanahabari. Nimefurahi sana kwasababu hii ni kazi naipenda kutoka moyoni, kwahiyo safu nzima leo ni hiyo tu.

*Kaka Lenzi habari za kazi. Napiga picha za magari muda sasa, nina peji yangu mtandaoni na wafuasi wapo wa kutosha, nimeomba beji ya wanahabari kwenye maonyesho fulani makubwa wamenikataa bila hata kunieleza. Wanataka nini hawa watu?*

Pole mdogo wangu, na usikate tamaa kabisa. Wanaogawa beji hawaangalii kamera yako wala picha zako nzuri kiasi gani, wanachoangalia ni picha zitaenda wapi zikishapigwa. Mwenye banda amelipa hela nyingi awepo pale na anataka bidhaa yake ionekane na wanunuzi, kwahiyo mwandaaji anajiuliza huyu akiingia nani atafaidika. Wafuasi wanasaidia ila mara nyingi peke yake hawatoshi. Kinachofungua mlango ni barua ya mhariri yenye jina lako, jina la maonyesho na kazi uliyotumwa, pamoja na kazi zako za karibuni zilizochapishwa jina lako likiwa juu yake. Kama huna chombo, tafuta jarida dogo la magari au la biashara, mpelekee mhariri wazo moja linaloeleweka, mfano vipuri vipya vya gari za umeme au mafundi wanaorudisha magari ya zamani, akikubali hiyo barua inakuwa ya kweli na we una kazi ya kweli. Halafu omba mapema, usisubiri wiki ya mwisho eti utamalizana nao mlangoni.

Na kuna wanaosema "si niazime tu beji ya rafiki". Hapana jamani. Beji ina jina la mtu na haihamishiki, ukikamatwa wanaoumia ni wawili, na chombo kilichomwombea mwenzako kinaweza kunyimwa beji mwaka unaofuata.

*Shikamoo Kaka. Mimi nimekubaliwa kwenda maonyesho ya SEMA kule Las Vegas, Marekani, nimetumwa na jarida la mtandaoni. Ni mara yangu ya kwanza, kila mtu ananiambia pale ni pakubwa utapotea. Nianzie wapi na hiyo beji inanipa haki gani?*

Marahaba, na hongera sana! Kwanza ujue unaenda sehemu ya aina gani. SEMA ilianza 1967 chini ya majukwaa ya uwanja wa besiboli wa Dodger huko Los Angeles, ikahamia Las Vegas 1977 na mpaka leo iko kule kila mwanzoni mwa Novemba, kwenye kumbi za Las Vegas Convention Center. Ni sho ya watu wa vipuri na magari yaliyofanyiwa kazi, rimu, tairi, sasipensheni, rangi, turbo, vifaa vya gereji. Kimsingi ni ya wafanyabiashara, kwahiyo wengi utakaopishana nao wamekuja kuagiza mzigo, na gari unayoiona imesimama pale pembeni ya banda iko pale kuuza kitu kilichofungwa juu yake. Hilo ukilielewa picha zako zitabadilika zenyewe. Wageni wengi wanapiga gari zima toka mbele halafu wanaondoka, wakati mhariri wako atauliza ile breki kubwa ya kampuni gani, ile rimu inaingia kwenye gari gani. Piga gari, kisha piga kitu kinachouzwa, kisha piga kibao chenye jina la bidhaa ili usiku usianze kukisia.

Kuhusu wapi uanzie, mi nakushauri usizunguke kwanza. Pakua ramani ya kumbi siku kadhaa kabla, weka alama kwenye mabanda ambayo jarida lako linayahitaji kweli, yapange kwa ukumbi ili usiwe unavuka eneo zima kwenda na kurudi, maana miguu ikichoka na jicho linachoka. Kuna sehemu inaitwa New Products Showcase, bidhaa mpya zimepangwa pamoja, pita pale mapema upate picha ya mwaka huu watu wanaelekea wapi. Chumba cha wanahabari ukijue kilipo siku ya kwanza, ndo utachajia betri na kutuma kazi, na ratiba ya uzinduzi utaikuta hukohuko.

Sasa faida kubwa ya beji, na hii ndo nataka uishike: ni muda. Sho nyingi kubwa zinawapa wanahabari saa fulani kabla ya milango kufunguliwa, au siku nzima ya kwao, masharti yanatofautiana kwahiyo soma barua yako ya kukubaliwa neno kwa neno. Saa moja ya ukumbi mtupu inazidi siku nzima ya kusukumana. Asubuhi ile kapeti bado safi, wafanyakazi wanafuta vumbi kwenye boneti, hakuna mkono wa mtu umeacha alama za vidole mlangoni, hakuna begi la mtu nyuma ya tairi. Zile gari zako tano au sita za lazima piga saa hiyo. Mahojiano, vipuri vidogo na picha za watu vinaweza kusubiri mchana, tena za watu zinapendeza zaidi pakiwa na umati.

Jambo lingine ambalo watu hawaliangalii mpaka wafike uwanja wa ndege: kwa Marekani mwanahabari wa nje anayeenda kufanya kazi ya habari anahitaji viza ya aina ya I, ile ya utalii haihusiki hata kama unakaa siku nne tu. Anza mapema. Na betri za akiba za kamera zinapanda na wewe kwenye begi la mkononi, hazikai kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege, ziba vichwa vyake na tepu au zitie kwenye vikasha visigusane.

*Kaka, picha zangu za ndani ya ukumbi zinatoka na mistari ya giza, nyingine nusu ni ya njano nusu bluu, na kila gari naona taa za dari zimejaa kwenye boneti. Nimebadilisha kamera bado tu. Nisaidie.*

Hili swali nalipenda maana hapa ndo kazi yenyewe ilipo.

Mistari kwanza. Taa nyingi za ukumbi zinawaka na kufifia kwa kasi ambayo jicho halioni. Umeme wa Marekani ni hezi 60, kwahiyo taa zinapigapiga mara 120 kwa sekunde, Ulaya ni hezi 50 kwahiyo mara 100. Shata yako, lile pazia linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga, ikiwa ya haraka sana inashika kipande tu cha huo mpigo, na shata ya elektroniki inayosoma sensa mstari kwa mstari ndo inachora mabaka kabisa. Kwahiyo zima shata ya elektroniki, tumia ya kimekanika, halafu ukiwa Marekani kaa kwenye 1/60 au 1/125 ya sekunde, Ulaya 1/50 au 1/100. Kamera nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kuzuia kupepesa, uwashe. Kuna skrini kubwa za LED nyuma ya jukwaa na taa za gari zenyewe, hizi zina kasi zake tofauti hazifuati umeme wa ukutani, kwa hizo piga picha ya majaribio, ikuze kwenye skrini uangalie, badilisha shata kidogo kidogo mpaka mistari ipotee. Gari imesimama haikimbii, 1/60 kwa mkono uliotulia inatosha.

Rangi mbili mbili zinatokana na taa za dari kuwa za aina moja na za banda aina nyingine. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, na kila ukibadilisha banda piga fremu moja yenye kadi ya kijivu ya kurekebishia rangi baadaye, sekunde mbili tu, usiku utanishukuru. Jarida la magari likichapisha rangi ya gari ikiwa siyo yenyewe, mwenye banda ataona kabla ya mtu mwingine yoyote. Na mita ya kamera, ile inayopima mwanga, inataka kila kitu kiwe kijivu, kwahiyo gari nyeusi punguza mwanga kama nusu stopu mpaka moja (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili), nyeupe ongeza, usiiachie kamera iamue.

Sasa ule mng'ao. Gari iliyopigwa polishi ni kioo, haupigi gari, unapiga kile ambacho gari linakitazama. Filta ya polaraiza, ile unayoizungusha mbele ya lenzi kukata mng'ao, inasaidia sana kwenye rangi na vioo, hasa ukiwa umesimama kwa kona, ukiwa umekielekea kioo moja kwa moja haifanyi kitu cha maana. Inakula mwanga kama stopu moja na nusu mpaka mbili kwahiyo ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, itapanda, kubali tu. Kwenye kromu na chuma kitupu haisaidii, na kwenye vioo vya pembeni na nyuma inaweza kuleta madoa madoa ya ajabu yanayotokana na namna kioo kilivyokaushwa kwa joto kiwandani, ukiyaona zungusha filta urudishe nyuma. Pia usiue mng'ao wote! Ule mstari mmoja mrefu wa mwanga unaotembea kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma ndo unaoonyesha umbo la gari. Chuchumaa, nyanyuka, sogea hatua moja kushoto, uone taa ya dari inavyoteleza kwenye mlango, simama pale mstari ulipokaa vizuri kisha ndo upige.

Vaa nguo nyeusi au kijivu cha giza, nasema kweli. Ukichungulia picha ya mlango wa gari nyeusi umekuza asilimia mia, shati jekundu linaonekana pale karibu na kitasa kama doa la rangi, na kulifuta kwenye kompyuta kwa picha mia tatu ni mateso.

*Lenzi ipi nibebe moja tu?*

24-70 ya f/2.8, yaani ya kuzuma kutoka milimita 24 mpaka 70 yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga. Ila usipige gari zima kwenye 24 ukiwa umelisogelea, bampa linavimba na tairi za nyuma zinakuwa kama za baiskeli, rudi nyuma utumie 50 au zaidi pale nafasi inaporuhusu. Ya pili ukiweza iwe makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kwa vipuri. Tripodi iache, kumbi nyingi zinazikataza njiani, na mahali wanaporuhusu zinakukwaza wewe na wenzako.

*Kaka, kuna banda nilikatazwa kupiga picha wakati beji ninayo shingoni. Wana haki? Na kampuni nyingine imeniomba niwauzie picha za gari lao, nifanye?*

Wana haki ndiyo. Beji inakuingiza ukumbini, haikuruhusu kuvuka kamba, kufungua mlango wa gari, kunyanyua kifuniko wala kukaa kwenye siti. Banda ni eneo la mtu kwa siku zile, na kuna vitu wanavionyesha kwa wanunuzi tu, hasa vipuri ambavyo washindani wanaweza kuviiga. Ukikatazwa shusha kamera, jitambulishe, mpe kadi yako, muulize msemaji wao nani. Nimeona mara nyingi yule aliyekataa ndo baadaye anakufungulia boneti mwenyewe na kukuletea taa, kwasababu ulimheshimu. Omba pia gari liguswe na wao, tairi za mbele zigeuzwe kidogo ili uso wa rimu uelekee kamera, wakuwashie taa, hivyo vitu vidogo vinabadilisha picha nzima na we huna ruhusa ya kuvifanya.

Kuna na embago. Ukioneshwa gari kabla ya uzinduzi na ukasaini kwamba hutachapisha mpaka saa fulani, basi hata ile ya kujionyesha kwenye simu haitoki. Andika saa hiyo pamoja na ukanda wa saa, maana saa tisa ya kule na saa tisa ya mhariri wako vinaweza kupishana usiku mzima.

Kuhusu kuuza, angalia vitu viwili kabla hujajibu. Umeingia kwa beji ya habari, na masharti ya maonyesho mengi yanasema beji hiyo ni kwa kazi ya habari, siyo kwa matangazo, kwahiyo soma masharti na uwaulize waandaaji. Pili mkataba wako na jarida, picha ni za nani? Kama ni zako na waandaaji hawana neno, andikiana na kampuni wazitumie wapi na kwa muda gani, na kama kuna sura ya mtu anayetambulika kwenye picha ya tangazo utahitaji idhini yake kwa maandishi. Ukiona masharti hayaruhusu, waambie ukweli na uwape bei ya kuja kuwapigia gari lao siku nyingine nje ya maonyesho, wengi wanakubali.

*Mwisho Kaka, narudi na picha elfu mbili sijui hata gari lipi ni lipi. Unapangaje?*

Kila banda fremu ya kwanza iwe ya kibao chenye jina la kampuni na namba ya banda, ya mwisho iwe kadi ya mtu uliyeongea naye. Folda moja kwa kila ukumbi. Kadi mbili za kumbukumbu kwenye kamera zikiandika pamoja, na jioni nakili kwenye diski mbili kabla ya kulala, moja kwenye begi moja nyingine mwilini kwako. Maelezo ya picha andika usiku huohuo, aina ya gari, mwaka wake, nani kalijenga, kipi kimefungwa. Kama jina la fundi hulikumbuki vizuri kesho asubuhi pita tena pale bandani ukamuulize aliandike mwenyewe.