Ripoti Itolewe Kando ya Kitanda

Mama wa kitanda cha tisa ndiye aliyeniokoa. Nilishavuta insulini kwenye sirinji, nimeshampangusa mkono kwa spiriti, akanishika kiganja: "Mwanangu, si nishadungwa alfajiri?"

Nikarudi kwenye karatasi yake ya dawa. Kisanduku cha asubuhi kitupu. Nikampigia mwenzangu wa zamu ya usiku, yuko kwenye feri anavuka Likoni kwenda kulala. "Nilimdunga, wallahi. Nataka kutia saini, nikaitwa kwa yule wa oksijeni."

Dozi ya pili ingemshusha sukari hadi azimie, pengine asiamke.

Wengi wodini walimwita mwenzangu mzembe. Mimi nilikataa, na hadi leo nakataa. Alikuwa amekesha saa 12, ameitwa huku na kule, kisha tukapokezana ripoti ya wagonjwa juu juu pale mezani, yeye roho iko kwenye feri, mimi natweta kwa foleni ya daraja la Nyali. Hata ukimfukuza yeye, atakayekuja atajikwaa palepale.

Kwa hiyo, muuguzi mwenzangu, anza na ripoti. Ihamisheni kutoka mezani. Nendeni pamoja kitanda kwa kitanda, mshike karatasi ya dawa, mtazame dripu na kanula, kile kimrija cha mshipani, mgonjwa naye asikie. Kwa kila mmoja semeni mambo manne: ana nini sasa, alikuja na nini, unaonaje hali yake, na nini kifanywe. Mpangilio huu ulianzia kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi, na kwetu umefaa sana, kwa sababu kisanduku kitupu huonekana wakati aliyekiacha bado yupo wa kuulizwa.

Saini itiwe palepale dawa inapoingia. Si kabla, wala si mwisho wa mzunguko.

Anayesukuma troli ya dawa asisemeshwe. Sisi tulimvisha aproni nyekundu, na jamaa za wagonjwa tukawaeleza kwa upole: "Shangazi, subiri kidogo, huyu anapima dawa." Walielewa upesi kuliko madaktari.

Ampuli za potasiamu, vile vichupa vidogo vya dawa ya kudunga, nazo zitoeni kwenye droo ya maji ya kuchanganyia dawa. Zinafanana mno, na potasiamu ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa husimamisha moyo.

Kosa lililokaribia kutokea liandikwe, hata kama hakuna aliyeumia. Mimi niliandika la kwangu siku ileile, mkono ukitetemeka, na msimamizi wetu alilisoma mbele ya wodi nzima bila kumtaja mtu. Wiki hiyo wawili wengine waliandika ya kwao.

Nanyi mnaopanga zamu, nawaomba: wekeni nusu saa ya zamu mbili kukutana, na ihesabiwe kuwa kazi. Ripoti ya wagonjwa ishirini na zaidi haitoshi dakika tano, na feri ikichelewa, anayetoka asilazimike kuchagua kati ya safari yake na mgonjwa.