Ukavu ukeni baada ya hedhi kukoma: kabla hujanunua tena dawa ya fangasi

Dada, umesema una miaka 53, hedhi imekoma miaka miwili sasa, tendo la ndoa linachoma kama umepakwa pilipili, na famasi wameshakuuzia dawa ya fangasi mara tatu bila nafuu. Nitajibu kwa urefu, maana watu wanachukua vitu vitatu tofauti na kuviita vyote "jeli".

Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, ngozi ya ndani ya uke inakuwa nyembamba, damu inayofika pale inapungua, na ile mikunjo inayouwezesha uke kutanuka inaanza kupotea. Ngozi hiyo ilipokuwa nene ilihifadhi aina ya sukari ambayo bakteria walinzi huitegemea kutengeneza asidi. Sukari ikipungua, walinzi wanapungua na asidi nayo inapungua. pH, kipimo kinachopanda asidi ikipungua, iliyokuwa kati ya 3.5 na 4.5 inapanda hadi 5 na zaidi. Hapo ndipo zinapoanza michomo, harufu iliyobadilika na UTI zisizoisha, kwa sababu njia ya mkojo inaitegemea estrojeni hiyohiyo. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi hupungua miaka ikienda. Ukavu hauna tabia hiyo, ukiuacha unazidi.

Fangasi wenyewe wanapenda uke wenye estrojeni na sukari, kwa hiyo mwanamke aliyekoma hedhi, asiye na kisukari na asiyetumia homoni, huwapata mara chache. Kabla ya kununua klotrimazoli (hiyo dawa ya fangasi) ya nne, pima sukari kwenye damu, na ute uchukuliwe ukaangaliwe maabara. Hizo dawa zenyewe zinaweza kuchoma ngozi iliyokonda, halafu mtu anadhani ugonjwa umezidi, anaongeza dozi.

Acha pia kuosha kwa ndani. Sabuni, dawa za kuua vijidudu, limau, shabu, kukalia moshi wa udi: vyote vinakausha au kuunguza. (Udi fukiza nguo na chumba, hapo hakuna ugomvi.) Osha nje tu kwa maji matupu, kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua. Nje pakiwa pamechubuka, paka vaseline kidogo kabla ya kukojoa ili mkojo usichome. Vaseline isiingie ndani. Inakaa humo na kuvuruga bakteria.

Sasa hivyo vitu vitatu. Cha kwanza ni kilainishi cha tendo, kinachopunguza msuguano kwa saa ile tu. Kosa la kawaida ni kuweka tone moja. Weka kama kijiko cha chai, nusu mlangoni mwa uke na nusu kwa mume. Cha maji kikianza kukauka na kunata katikati ya tendo, ongeza matone ya maji badala ya kurundika jeli juu ya jeli. Cha silikoni kinadumu zaidi, na vyote viwili havina shida na kondomu. Mafuta ya nazi yanafaa kwa wasiotumia kondomu, ila yanauharibu mpira wake ndani ya dakika chache. Ngozi nyembamba huchanika kirahisi na VVU hupitia hapo, hivyo anayehitaji kondomu asifanye mzaha na mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri kilainishi cha ukeni kiwe na pH ya karibu 4.5 na ukolezi, yaani osmolaliti, usiozidi 1200, na bora zaidi uwe chini ya 380. Maboksi mengi hayaandiki namba hizo. Basi kwepa vyenye kupasha joto, vya ladha au harufu, na vilivyotaja gliserini au propilini glaikoli mwanzoni mwa orodha. Jeli iliyokolea sana huvuta maji kutoka kwenye seli, ndiyo maana baadhi "zinalainisha" huku zinachoma.

Cha pili ni jeli ya unyevu. Hii inashika kwenye kuta za uke na kutunza maji, na inatumika kila baada ya siku 2 au 3, usiku, tendo liwepo lisiwepo. Tafuta yenye asidi ya hialuroniki au polikabofili, kwenye famasi kubwa zaidi kuliko duka la mtaani. Wengi huitumia siku ya tendo tu na kusema haifai. Ipe wiki kadhaa.

Cha tatu, na ndicho pekee kati ya hivi kinachoirudishia ngozi unene wake, ni estrojeni ya kuweka ukeni, kwa cheti cha daktari. Kuna vidonge vya estradioli vya mikrogramu 10: kimoja kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Kuna krimu ya estrioli ya 0.1%: gramu 0.5 kila usiku kwa wiki 2 hadi 3, kisha mara 2 kwa wiki. Kipimo kikitofautiana na hiki, fuata ulichoandikiwa. Vuta krimu hadi kwenye mstari wa kibomba chake, lala chali, magoti juu, ingiza taratibu kuelekea mgongoni, sukuma. Nyingine paka kwa ncha ya kidole mlangoni, hapo ndipo panapochoma zaidi. Kibomba kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke. Usiifanye kilainishi cha tendo, mume naye ataipata homoni hiyo.

Nafuu huanza wiki ya 2 au ya 3, lakini kupona vizuri huchukua wiki 8 hadi 12. Wanaoacha wiki ya 2 wakisema "haikunisaidia" ni wengi mno. Na ukiacha kabisa, ukavu unarudi. Karatasi ya ndani ya boksi mara nyingi inatisha kwa madhara ya estrojeni ya kumeza. Hii ya ukeni kwa dozi ndogo huingia kwenye damu kidogo sana, na haihitaji homoni nyingine, projesteroni, ya kulinda kizazi. Aliyeugua saratani ya matiti aanze na vitu viwili vya mwanzo, cha tatu akizungumze na daktari wake wa saratani, hasa akiwa anameza dawa za saratani hiyo kama letrozoli au anastrozoli, ambazo zenyewe huukausha uke.

Kuhusu bamia, ambayo wengi huambiwa yanaongeza ute: ule mlenda unaishia tumboni, unameng'enywa kama chakula kingine. Kula na ugali wako, ila usiyahesabu kuwa dawa, wala usiyaingize.

Baada ya miezi ya maumivu, misuli ya nyonga inajifunza kubana kabla hujaguswa, hata ngozi ikishapona. Pumua ukilegeza tumbo na makalio, ingiza kidole kimoja chenye kilainishi kwa dakika 5, siku zikienda viwili. Usilazimishe. Kwenye tendo, maandalizi ya dakika 15 au 20 si anasa tena, na wewe ukiwa juu unaamua kina. Mweleze mume wako mapema kwamba ute na hamu ni mambo mawili. Wanaume wengi wakikuta pakavu hudhani hawatakiwi.

Damu yoyote baada ya hedhi kukoma miezi 12, hata tone, ni ya kwenda hospitali bila kusubiri. Vivyo hivyo kidonda kisichopona, na ngozi ya nje iliyopauka mabaka meupe yenye mwasho mkali usiku: hiyo huenda ni likeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi unaotibiwa kwa krimu ya steroidi yenye nguvu. Na ukifika mbele ya daktari, sema "uke umekauka na unauma tangu hedhi ikome." Ukianza na "nawashwa," utatoka na klotrimazoli ya nne.